Wanaolipia Baridi

Durban, 23 Juni 2013

Mdogo wangu Dominiki,

Ugonile, nakusalimu kwa Kinyakyusa chetu. Natumaini barua hii itakukuta ungali na vidole vyote kumi. Mimi ni mzima, isipokuwa mguu wa kushoto unavimba nikisimama jikoni kutwa. Baba alipiga simu kutoka Tukuyu baada ya ibada. Kikohozi kimepungua, chai imechumwa vizuri, na Sesilia amejifungua tena mtoto wa kike, anafanana na mama yetu hadi kwenye kununa. Baba aliuliza unafanya kazi gani huko mlimani. Nikamwambia kama ulivyoniambia mwenyewe, kwamba uko mapokezi, unavaa vizuri na kuwakaribisha wageni. Alifurahi mno. Amekwisha kuwatangazia wazee wa kanisa, kwa hiyo hata ukifukuzwa huna budi kubaki mapokezi.

Barua anakuletea Pierre-Claver, yule Mkongomani wa lori la mboga. Anasema huko kwenu Lesotho simu haishiki mpaka mtu apande juu ya paa la ofisi ya meneja, na paa lenyewe haliruhusiwi. Basi tutaandikiana kama babu zetu.

Sasa sikiliza. Madam Lorraine, huyu ninayempikia hapa Morningside, anakuja huko kwenu na mume wake na kijana wao wakati wa likizo ya shule. Jana alialika rafiki zake wawili waje kunywa chai, wakafungua kompyuta mezani wakawa wanasoma maoni ya wageni waliotangulia. Nilikuwa napanga vikombe, masikio yangu hayakuwa na kazi nyingine.

Dominiki, watu hawa wana wazimu. Mmoja ameandika kwamba mlima una mteremko mkali. Alitaka mlima wa namna gani, wa kupanda tu? Mwingine amelalamika kwamba theluji ni nyeupe mno na inamuumiza macho. Wa tatu ametoa nyota mbili kwa sababu kulikuwa na baridi na hakuna aliyemwonya. Alikwenda kwenye barafu, akalala mahali ambapo usiku mmoja unagharimu kuliko mshahara wangu wa mwezi, kisha akashangaa kukuta baridi. Yupo pia aliyeandika kwamba aliteleza vizuri zaidi Austria. Sikujua kumbe kuna watu wanaopanda ndege ili wakateleze. Kwetu Tukuyu kwenye matope ya mwezi wa nne mtu anateleza bure, na hakuna anayempa nyota.

Wale akina mama walikuwa wanasoma kwa makini kama wanasoma Zaburi. Madam akaniuliza kama kwetu Tanzania kuna theluji. Nikamwambia ipo, juu ya mlima mmoja, na wenyeji wenye akili wamejenga chini.

Ukimwona mwanamke mrefu mwenye miwani ya fremu nyekundu, mkaribishe vizuri, ndiye. Usimwambie wewe ni ndugu yangu, nisije nikaulizwa maswali.

Vaa soksi mbili.

Dada yako,
Atuganile


Mlimani, 11 Julai 2013

Dada Atuganile,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwenye lori siku kadhaa kwa sababu njia ilifungwa na theluji, na Pierre-Claver akalala ndani ya gari akila karoti za hoteli. Amefika amekasirika. Anasema, "Barabara iko mubaya, wageni wako wabaya zaidi." Vidole vyangu vyote vipo. Mpe Sesilia hongera zangu, na Baba mwambie nafanya kazi kwa bidii.

Umecheka maoni ya wageni, lakini wewe umeyasikia tu. Mimi naishi ndani yake. Hapa kila Jumatatu meneja anatukusanya sote jikoni na kutusomea, kama mwalimu mkuu anavyosoma majina ya waliofeli. Wiki hii mgeni ameandika kwamba theluji ni kidogo kama chumvi juu ya yai. Ni kweli, kwa sababu nyingine inatoka kwenye mashine. Inanguruma usiku kucha ikitema barafu mlimani, halafu asubuhi mgeni mwingine analalamika kwamba mashine ilimnyima usingizi. Wanataka theluji bila mashine na mlima bila upepo. Mwingine ameandika kwamba watumishi wanatabasamu lakini si kutoka moyoni. Meneja alituuliza tutafanya nini kuhusu moyo.

Ngoja nikueleze mchezo wenyewe, maana Baba atauliza. Mtu anavaa viatu vizito kama matofali. Chini ya kila kiatu anafunga ubao mrefu, mwembamba, uliopinda mbele. Ndiyo ski hizo. Mikononi anashika vifimbo viwili. Kamba inayozunguka kwa mota inamvuta mpaka juu, kisha anashuka. Wengi hawashuki, wanamwagika. Wakifika chini wanainuka wakiwa wamejaa barafu hadi ndani ya masikio, wanaagiza chokoleti ya moto, na jioni wanasimulia walivyoruka. Kuna mzee wa Johannesburg ambaye hajawahi kutoka kwenye uwanja wa wanaoanza, ana nguo za ski zinazong'aa kuliko za askofu. Kila asubuhi anapiga picha akiwa amesimama. Hajatembea hata hatua moja.

Lakini wapo wachache wanaojua, na mkubwa wao si mgeni. Ni Ntate Thabiso, Msotho wa kijiji cha bondeni, mwalimu wa ski; ntate kwao ni bwana, jina la heshima. Anaposhuka husikii kitu, ni kama mtu anachana kitambaa taratibu. Ananifundisha alfajiri kabla wageni hawajaamka, huu ni msimu wa pili sasa. Nilikuwa sijakuambia kwa sababu najua utasema nini.

Madam wako sikumwona. Wageni ni wengi.

Mdogo wako,
Dominiki


Durban, 28 Julai 2013

Dominiki,

Nimeshindwa kuanza na salamu, lakini sitaki Baba aseme sikukulea. Ugonile. Wa nyumbani wote hawajambo. Mtoto wa Sesilia amepewa jina la mama.

Madam Lorraine alirudi na mguu mzima na uso mwekundu kama nyanya. Siku ya pili aliwaita tena rafiki zake, na safari hii ikawa zamu ya kutazama picha. Aliniita na mimi nitazame, kwa wema wake. Madam amelala kwenye theluji. Mume wa Madam amelala kwenye theluji. Mtoto wao amelala kwenye theluji, analia. Nikawa nasema nzuri, nzuri, moyoni nikijiuliza kwa nini watu wapige picha aibu yao.

Kisha ikaja picha ya dubu. Dubu mweupe, mkubwa, amesimama kwa miguu miwili, amemkumbatia yule kijana. Zilikuwa nyingi: dubu anapunga mkono, dubu anacheza ngoma, dubu amekaa kwenye ndoo. Picha ya mwisho ilipigwa nyuma ya jiko bila dubu kujua. Amevua kichwa, amekiweka chini kando ya miguu yake, anakunywa chai kwenye kikombe cha bati. Rafiki zake Madam wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai kwenye zulia ambalo nalisafisha mimi.

Ulikuwa umekonda, Dominiki. Hilo ndilo nililoliona kwanza.

Nikawaambia, "Huyo ni mdogo wangu."

Madam akafurahi, akasema mambo gani haya, dunia ni ndogo, akanipongeza kana kwamba nimekuzaa mimi. Halafu akaniambia kwa sauti ya kunisaidia kwamba wewe unachekesha lakini ni mvivu, na kwamba ameliandika hilo kwenye maoni yake ili hoteli ijirekebishe. Alinionyesha. Ameandika: dubu hana moyo wa kazi, alikataa kumchezea mtoto wetu na akamnyang'anya kifimbo chake. Nyota tatu.

Nikamuuliza mtoto alikuwa anafanya nini na kifimbo.

"Alikuwa anampiga kidogo tu," akasema Madam. "Ni mtoto. Alidhani ni dubu."

"Dubu wa kweli angemla, Madam."

Wakacheka kuliko mwanzo. Walidhani nawachekesha. Nikachukua kitambaa nikapiga magoti nikafuta chai yao.

Sasa wewe. Mapokezi. Unavaa vizuri. Nimesimama mbele ya simu nikamdanganya baba yetu anayekohoa, kwa mdomo wako. Ungeniambia unaosha vyoo ningenyamaza, choo ni choo. Umetoka Tukuyu, umepita Malawi na Msumbiji, umefika Durban ukalala kwangu sakafuni mwaka mzima, ili uvae ngozi ya mnyama ambaye hata Afrika hayupo, upigwe na mtoto wa mtu. Na alfajiri unajifunza kuteleza! Watu hao nawadharau, lakini wao angalau wanajua kwamba wanacheza.

Shuka. Panda lori la Pierre-Claver Jumatano hii ushuke.

Atuganile


Mlimani, 17 Agosti 2013

Dada,

Shikamoo. Pierre-Claver amepita hapa mara mbili na mara zote nimejificha ghalani ili asinidai jibu. Hivyo usimlaumu.

Ni mimi. Dubu ni mimi tangu msimu uliopita. Walinichukua kwa ajili ya mapokezi kweli, nikafanya kwa muda mfupi, halafu mgeni mmoja akaandika kwamba hakuelewa Kiingereza changu. Ngozi ya dubu ilikuwa imetundikwa tu, aliyekuwa anaivaa alikuwa ameacha kazi. Dubu haongei. Meneja aliona ametatua matatizo mawili kwa mpigo.

Madam wako nilimwona, na nilimtambua kabla hajavua miwani. Ndani ya kile kichwa unaonea mdomoni, unaona kipande kidogo cha dunia, kama kupitia tundu la ufunguo. Yule kijana alinipiga magotini, nikarudi nyuma. Akanifuata, akanipiga tena, baba yake anapiga picha. Nilikuwa najua ni mtoto wa nyumba unayopikia. Ndiyo maana sikumsukuma. Nilikishika kifimbo tu, nikakiweka mbali. Ni hicho kilichonipa nyota tatu.

Baada ya hapo meneja akaniambia nijitahidi kupendeza, na akabuni jambo. Jumamosi iliyopita aliandaa mbio za wafanyakazi ili wageni wafurahi. Wa jikoni washuke juu ya sinia, wa usafi juu ya maboksi, na dubu ashuke kwa ski. Wageni walijipanga chini na glasi zao. Kila aliyekuja alianguka, na kila alipoanguka walipiga makofi. Mpishi wa mikate aliumia bega, wakapiga makofi mengi zaidi.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Juu kabisa alikuwa Ntate Thabiso, akisimamia ile kamba ya kuvuta watu. Hakunishauri kitu. Aliinama akakaza viatu vyangu, basi.

Nikashuka, Dada. Nilikata kulia, nikakata kushoto, nikachukua upande wa mawe ambako wageni hawaruhusiwi. Ngozi ilikuwa nzito lakini upepo uliibeba. Nilifika chini nikasimama mbele yao nimenyooka, bila kugusa theluji hata kwa kidole.

Kimya. Nilisubiri. Nilidhani hawajaona vizuri. Kisha mtu mmoja akazomea, wengine wakamfuata, na mwanamke mmoja akamwambia mumewe, "Kumbe ni mbwembwe tu," wakaingia ndani kunywa. Jumatatu meneja alitusomea: mbio zilianza vizuri lakini dubu aliziharibu. Nyota mbili.

Meneja akaniita ofisini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniuliza tangu lini najua kuteleza. Nikamwambia. Nikamwomba anijaribu kama msaidizi wa Ntate Thabiso. Alinitazama kwa huruma kama mtu anayetazama ng'ombe aliyepanda kitandani. Akasema wageni wake hawalipi ili wafundishwe na dubu. Ila Jumamosi ya mwisho ya msimu, tarehe saba Septemba, atarudia mbio, nami nishuke tena. Nianguke mara tatu, ya mwisho karibu kabisa na meza zao. Nikifanya hivyo nina mkataba wa mwaka kesho.

Ni kazi tu. Kuanguka hakuumi ndani ya ile ngozi. Nimejiambia hivyo kila siku tangu aseme. Nambie unavyoona.

Dominiki

Huniambii habari za Morningside. Madam hajambo?


Isipingo, 25 Agosti 2013

Mdogo wangu,

Ugonile. Umeona nilipoandikia. Sikukuambia mapema kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia, na mtu aliyekasirika hapendi kuonekana naye ana matatizo.

Siko Morningside tena. Wiki moja baada ya zile picha, Madam alinijia jikoni kwa furaha. Kijana wao anatimiza miaka tisa. Akaniomba nikuite ushuke Durban na ile ngozi, ucheze kwenye sherehe, wanao uwanja mkubwa na bwawa. Alisema utalala chumba changu cha uani ili usipate gharama. Alisema mtoto amekusamehe.

Nilikuwa nakata vitunguu. Nikamaliza vile vitunguu, nikaosha kisu, nikavua aproni nikaikunja. Nikamwambia naondoka. Aliniuliza amenikosea nini, Dominiki, na macho yake yalikuwa yanataka kujua kweli. Nikamwambia mchuzi uko tayari, apunguze moto.

Sasa napika na Marie-Claire, yule mama wa Bukavu anayesali na sisi, hapa karibu na stendi ya taxi Isipingo. Wali, maharage, samaki siku za Ijumaa. Madereva wanakula wamesimama. Mmoja jana aliniambia maharage yangu yana chumvi nyingi, nikamwambia kesho ale kwingine, na leo amerudi. Hayo ndiyo maoni ninayoyaelewa.

Sasa habari ya Baba. Nimemwambia ukweli. Sikuweza kusikia tena wazee wa kanisa wanavyokusifu. Nilimwambia Dominiki anavaa ngozi ya dubu na kuwachekesha watu kwenye barafu. Halafu akauliza, "Hiyo ngozi ina joto?"

Nikasema inalo.

"Basi," akasema, akaanza kuniambia bei ya mbolea.

Kwa hiyo kwa Baba huna kesi. Kwangu unayo, kwa sababu ya uongo. Ila niseme na hili. Barua yako ya mbio nilimsomea Marie-Claire. Nilipofika mahali uliposimama chini na wao wamenyamaza, nilishindwa kuendelea, akaimalizia yeye na Kiswahili chake cha Bukavu. Akasema, "Eish, hao watu iko na makuta mingi na macho hawana." Makuta ni fedha kwao.

Sitakuambia uanguke, wala sitakuambia usianguke. Nimekuamrisha tangu ukiwa na miaka sita na sasa una ndevu. Mimi mchezo huo bado nauona wa kijinga. Watu wazima kuvutwa kwa kamba juu ya kilima ili wateremke kilima kilekile. Lakini kitu kimoja hujakiandika. Umeniambia ulikata kulia na kushoto, umeniambia wao walifanya nini. Hujaniambia wewe, ulipokuwa unashuka, ulijisikiaje.

Dada yako,
Atuganile


Ndani ya lori, 8 Septemba 2013

Dada Atuganile,

Shikamoo. Barua hii nitakupa mwenyewe mkononi. Naiandika kwa sababu najua nikifika mezani kwenu nitaanza utani, na wewe utaanza kunipakulia, na haya hayatasemwa. Mwandiko usamehe, Pierre-Claver hajui kukwepa mashimo.

Umeuliza nilijisikiaje. Nilijisikia sina mtu ninayemdai kitu. Ni hivyo tu. Toka nimeondoka nyumbani, kila mahali nimekuwa mtu anayeomba: kibali, kazi, pa kulala. Pale kati ya juu na chini sikuwa naomba. Mlima hauulizi karatasi, ukikosea unakuangusha, usipokosea unakupitisha. Halafu ukifika chini unakuta watu.

Jana ilikuwa ile Jumamosi. Wageni walijaa kuliko siku zote kwa sababu hoteli ilikuwa imetangaza: dubu anarudi. Usiku nilikuwa nimeamua kuanguka. Nakwambia kweli. Nilikuwa nimejizoeza hata namna ya kutupa miguu juu. Nikavaa ngozi, nikavutwa na kamba hadi kileleni, wao huko chini wakipiga makofi kwa kuona kichwa tu.

Ntate Thabiso akainama kukaza viatu vyangu kama mara ile. Akaniuliza, "Utaanguka wapi kwanza?" Alitaka kujua tu ili aondoe mawe mahali hapo nisiumie. Nikatazama chini nitafute pa kuangukia. Nikatafuta sana, Dada. Sikupapata.

Nikavua kichwa nikampa. Nikavua ngozi yote, nikaikunja juu ya theluji, nikabaki na sweta lile la kijani ulilonifumia na suruali ya kazi. Baridi ilinikamata mbavu. Yeye akasema, "Nenda, ntate," kama anavyowaambia wanafunzi wake wazuri, na hakuwahi kuniita hivyo.

Nikashuka upande wa mawe, kisha katikati kabisa, mbele ya macho yao wote. Sijawahi kushuka vile na sijui kama nitashuka tena. Nikasimama hatua chache kutoka meza zao.

Hakuna aliyenitazama. Hawakuzomea, hawakupiga makofi. Walikuwa wamenyanyua shingo, simu zao mikononi, wanatazama kileleni wakimsubiri dubu. Mwanamke mmoja wa mbele alinipungia mkono nisogee pembeni, nilikuwa namziba.

Nikamwomba radhi, nikasogea. Nikafungua ski zangu, nikaziegemeza vizuri ukutani, nikapita katikati yao mpaka lilipokuwa lori la Pierre-Claver, lililoleta mboga asubuhi ile. Tulipokunja kona ya mwisho walikuwa bado wanatazama juu.

Mdogo wako,
Dominiki